Fundi Nguo Aliyeingia Ikulu ya Marekani

Hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya chuo cha ufundi, Tanga. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wazazi na wahitimu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wahitimu ambao leo ni siku yenu. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wanangu, marahaba. Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe.

Wiki tatu zilizopita nilikuja hapa chuoni kuleta vitambaa vya sare za wajukuu. Nilipoingia karakana ya ushonaji, redio ilikuwa inasoma habari za Marekani. Binti mmoja akainua mguu kwenye cherehani, akaniuliza: "Mwalimu, hivi rais wa Marekani huwa anasomea nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nimefundisha historia miaka 34, na swali kama lile sikuwahi kuulizwa darasani. Nikamwambia, binti yangu, hilo nitakujibu siku ya mahafali, mbele ya wazazi wako. Uko wapi? Haya, nimekuona. Kaa vizuri.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba ya Marekani inamtaka mgombea awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35, na awe ameishi nchini humo miaka 14. Basi. Haitaji cheti. Haitaji shahada. Haisemi awe wakili wala askari wala mwenye mali. Tangu mwaka 1789 hadi leo watu 45 wamekalia kiti kile, wote wanaume, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanasheria. Lakini ukiangalia walikopita wengine utashangaa. George Washington alikuwa mpima ardhi akiwa na miaka 17. James Garfield alianza kwa kuongoza nyumbu waliokuwa wakivuta mashua kwenye mfereji kule Ohio, kisha akawa mfagizi wa chuo, na kabla hajafika miaka 30 akawa mkuu wa chuo kilekile alichokifagia. Grover Cleveland alikuwa mkuu wa polisi wa wilaya kule Buffalo, na wahukumiwa wawili aliwanyonga kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu hakutaka kumbebesha msaidizi wake mzigo ule. Warren Harding alikuwa na gazeti. Jimmy Carter aliacha nyambizi za jeshi la majini akarudi kijijini kulima na kuuza karanga. Ronald Reagan alitangaza mpira redioni, kisha akaigiza filamu. Donald Trump alikuwa mtu wa majengo na televisheni, na ndiye wa kwanza kuingia ikulu bila kuwahi kushika wadhifa wa serikali wala kuvaa gwanda la jeshi.

Kabla sijaendelea, kuna neno moja nataka tulirekebishe. Vitabu vingi husema marais wa mwanzo, akina Washington, Jefferson na Madison, walikuwa wakulima. Wazazi wangu mlio hapa, mnaotoka Muheza na Lushoto na Handeni, mkulima ni nani? Mkulima ni mtu anayeamka na jembe. Thomas Jefferson katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Waliolima walikuwa wao. Yeye alikuwa mwenye shamba. Marais 12 wa Marekani waliwahi kumiliki watumwa, na kila tunapoandika "mkulima" kwenye wasifu wa watu kama hao, tunawanyang'anya wale 600 hata jina la kazi yao. Mimi darasani nilikuwa nalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, na leo nalikata mbele yenu.

Sasa tuzungumze habari ya kushindwa. Najua wapo hapa wenye hofu. Umemaliza ufundi, utakodi fremu, utakopa mashine, na biashara inaweza kufa ndani ya mwaka. Je, mnadhani waliofika ikulu hawakufilisika?

Mchukueni Abraham Lincoln. Shule aliyosoma, ukijumlisha siku zote, haifiki mwaka mmoja. Akiwa kijana alifungua duka na mwenzake mmoja katika kijiji cha New Salem, Illinois. Duka likafa. Mwenzake naye akafariki mwaka 1835, na deni lote likamwangukia Lincoln, kiasi cha dola 1,100, fedha ambayo kwa kijana wa kijijini zama zile ilikuwa mlima. Yeye mwenyewe alikuwa akiliita "deni la taifa". Akafanya kazi ya posta, akitembea na barua za watu ndani ya kofia yake. Akajifunza upimaji wa ardhi kutoka vitabuni, akanunua farasi, dira na mnyororo wa kupimia. Waliokuwa wakimdai wakaenda mahakamani. Farasi akakamatwa, dira ikakamatwa, mnyororo ukakamatwa, vyote vikapigwa mnada.

Ninyi wa useremala, ninyi wa umeme, mnajua maana ya fundi kunyang'anywa vifaa. Ni kama kukatwa mikono. Basi rafiki yake mmoja alikwenda kwenye ule mnada, akavinunua vile vifaa kwa fedha yake, akamrudishia. Lincoln akaendelea kupima viwanja, akaendelea kusoma sheria usiku, na lile deni akalilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka likaisha. Kila ninapofundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kila ninapofika mwaka 1863 na tangazo la kuwaacha huru watumwa, namfikiria yule rafiki wa mnadani. Historia haimtaji sana. Lakini bila yeye sijui yule kijana angekwenda wapi.

Baada ya Lincoln alikuwapo Ulysses Grant, ambaye miaka michache kabla ya kuongoza majeshi alikuwa akiuza kuni kwenye mitaa ya St. Louis, na mwaka 1857, siku mbili kabla ya Krismasi, aliweka rehani saa yake apate dola 22.

Na alikuwapo Harry Truman. Huyu hakusoma chuo kikuu, naye ndiye rais wa mwisho asiye na shahada. Alilima shamba la familia kule Missouri zaidi ya miaka kumi, akaenda vita vya kwanza vya dunia, akarudi. Mwaka 1919 yeye na mwenzake wa jeshini, Eddie Jacobson, wakafungua duka la nguo za kiume mjini Kansas City. Mashati, tai, kofia. Mwanzoni likachangamka. Kisha bei za mazao zikaanguka, wateja wakapotea, na mwaka 1922 duka likafungwa. Truman angeweza kwenda mahakamani akatangaza kwamba amefilisika, akasamehewa. Hakwenda. Wahenga wetu walisema dawa ya deni kulipa, na huyu Mmarekani aliinywa dawa hiyo kwa takriban miaka 15.

Lakini sikumleta Truman kwa sababu ya deni peke yake. Nimemleta kwa sababu ya yule mwenzake wa dukani. Machi 1948 Truman ni rais, na suala la Palestina liko mezani. Amechoka na watu wanaomshinikiza, amefunga mlango, hataki kumwona kiongozi yeyote wa harakati za Kizayuni, yaani za kuanzisha taifa la Wayahudi kule Palestina. Nani akapita mlango ule? Eddie Jacobson, muuza mashati, mtu aliyesimama naye nyuma ya kaunta. Akamwomba ampokee Chaim Weizmann, kiongozi wa harakati hizo. Truman akakubali. Mei mwaka uleule Marekani ikaitambua Israeli dakika chache tu baada ya kutangazwa, na dunia yetu ya leo bado inaishi na yaliyotokana na siku ile, kwa machungu makubwa. Sisemi duka la nguo ndilo lililoamua mambo hayo. Zilikuwapo sababu nyingi. Ninachowaambia ni hiki: watu uliofanya nao kazi ukiwa hujulikani wataingia nawe popote utakapoingia. Sauti zao utakuwa nazo chumbani. Kwa hiyo tazameni leo mnakaa na nani.

Je, na wale wenye wasifu mzuri? Wale ambao ukisoma barua yao ya kuomba kazi unasema huyu ndiye, hakuna mwingine?

Alikuwapo mmoja. Herbert Hoover. Ninyi wa ufundi mitambo, huyu ni wenu, maana alikuwa mhandisi wa migodi. Alikuwa yatima kabla hajafika miaka kumi. Akawa katika darasa la kwanza kabisa la chuo kikuu cha Stanford, akahitimu mwaka 1895, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusukuma matoroli ya mawe ya dhahabu chini ya ardhi. Akaenda Australia, akaenda China, akatajirika. Vita vya 1914 vilipozuka, Ubelgiji ikakaliwa na Wajerumani na watu wakawa wanakufa njaa. Hoover akasimamia meli, fedha na ngano, akalisha mamilioni ya watu katikati ya vita. Dunia nzima ikamsifu. Mwaka 1928 akachaguliwa kuwa rais, bila kuwahi kuchaguliwa hata kwenye udiwani.

Oktoba 1929 soko la hisa likaporomoka. Mabenki yakafunga. Alipotoka madarakani mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Watu waliofukuzwa majumbani walijenga vibanda vya mabati na maboksi pembezoni mwa miji, na vibanda vile vikapewa jina lake. Mwaka 1932 askari wastaafu walikuja Washington kudai malipo waliyoahidiwa, wakapiga kambi na wake zao na watoto, na jeshi likatumwa kuwaondoa kwa mabomu ya machozi na moto.

Nimejiuliza miaka mingi: mtu yuleyule aliyelisha Ubelgiji, alishindwaje kuwalisha wa kwao? Uwezo alikuwa nao. Akili alikuwa nayo. Lakini aliamini kwa dhati kwamba serikali kuu haipaswi kumpa mtu chakula mkononi, kwamba hiyo ni kazi ya majirani, makanisa na majimbo. Kule Ubelgiji aliiona njaa kwanza, kisha akatafuta kanuni. Nyumbani alitanguliza kanuni, na alipoitazama njaa vizuri, miaka ilikuwa imekwisha. Simchukii Hoover. Namhurumia. Lakini nawahurumia zaidi wale wa kwenye vibanda.

Nimefika pale nilipotaka kufika. Ninyi wa ushonaji, sasa nisikilizeni vizuri.

Mwaka 1808 alizaliwa Raleigh, North Carolina, mtoto aliyeitwa Andrew Johnson. Baba yake alikufa mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama yake alikuwa dobi. Hakusoma shule hata siku moja. Alipofika miaka kumi hivi akafungwa kwa mkataba wa uanagenzi kwa fundi nguo, na mkataba ule ulikuwa wa kumshikilia mpaka awe mtu mzima. Cherehani zilikuwa bado. Kila kitu ni sindano, uzi na kidole. Mle kibandani walikuwa wanakuja watu kuwasomea mafundi hotuba huku wakishona, na kijana akazipenda hotuba zile mpaka akajifunza kusoma. Mwaka 1824 akatoroka. Bosi wake akaweka tangazo gazetini: atakayewarudisha yeye na ndugu yake atapewa dola 10.

Akavuka milima, akafika Greeneville, Tennessee, akafungua kibanda chake cha ushonaji, akaoa binti wa miaka 16, Eliza. Na Eliza ndiye aliyemfundisha kuandika na kufanya hesabu. Mume anashona, mke anamsomea. Mama yangu mzazi alishona kwenye baraza ya duka pale Ngamiani zaidi ya miaka ishirini, na mimi nilikuwa namsomea magazeti akipiga cherehani, kwa hiyo nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo.

Johnson akawa diwani, akawa meya, mbunge, gavana, seneta, makamu wa rais. Alijivunia kazi yake hadharani: nguo zangu zilikaa vizuri mwilini, alisema, na ahadi kwa wateja niliitimiza. Mnajua lawama za mafundi kila Idi na kila Krismasi inapokaribia. Huyu alitimiza. Lincoln alipouawa Aprili 1865, yule mtoto wa dobi, yule mtoro wa dola 10, akawa rais wa Marekani.

Mngetegemea nini kwake? Watumwa milioni nne ndio kwanza wametoka kifungoni. Nao walifungwa kwa mabwana. Nao wakitoroka walitangazwa gazetini. Nani angewaelewa kuliko yeye? Tena mwaka 1864, mbele ya umati wa watu Weusi mjini Nashville, alitamka kwamba atakuwa Musa wao.

Februari 1866 Frederick Douglass, ambaye naye alikuwa mtumwa akatoroka, aliingia ikulu na wenzake kumwomba Johnson awape watu Weusi haki ya kupiga kura. Watoro wawili uso kwa uso, wanangu. Mmoja alimtoroka fundi nguo, mmoja alimtoroka mwenye watumwa. Johnson alizungumza kwa muda mrefu, na wageni wakatoka mikono mitupu. Mwezi uliofuata alikataa kusaini sheria ya haki za raia, Bunge likaipitisha bila yeye. Ardhi ambayo watu Weusi walikuwa wameanza kuilima, akaamuru warudishiwe mabwana wa zamani. Mwaka 1868 Bunge likamshtaki, na alinusurika kuondolewa kwa kura moja tu.

Waswahili tunasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Methali hii naiamini, lakini Andrew Johnson amenifundisha kwamba haitoshi. Huyu njaa aliijua. Dhiki aliijua kwa kidole chake kilichochomwa sindano. Alichokumbuka ni dhiki yake mwenyewe, na dhiki ya wazungu maskini wenzake. Zaidi ya hapo hakumwona mtu.

Sasa hesabuni miaka mia moja. Mwaka 1908 anazaliwa Johnson mwingine, Lyndon, kule Texas. Hawana undugu. Lakini tazameni: wote wa kusini, wote walipanda kupitia Bunge na umakamu wa rais, na wote waliingia ikulu kwa sababu rais aliuawa kwa risasi. Huyu wa pili ni baada ya Kennedy, Novemba 1963.

Kabla ya yote hayo alikuwa mwalimu. Mwaka 1928, akiwa na miaka 20, aliishiwa fedha chuoni, akaenda kufundisha Cotulla, mji mdogo kusini mwa Texas, katika shule ya watoto wenye asili ya Mexico. Alikuwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa kwa pamoja. Mshahara wake wa mwanzo ulinunua vifaa vya michezo kwa sababu shule haikuwa na chochote. Sitaki kumpamba: aliwakataza watoto kuongea Kihispania shuleni, na aliyekosea alichapwa. Lakini aliwaona wakija asubuhi bila kula. Aliona machoni mwao kwamba wameshajua kuwa wanadharauliwa, na hawajui kwa nini.

Machi 1965, siku nane baada ya polisi kuwapiga waandamanaji waliokuwa wakidai kura kule Selma, Alabama, Lyndon Johnson alisimama mbele ya Bunge. Angeweza kuzungumza sheria tupu. Badala yake aliwataja wale watoto wa Cotulla. Akasema hakuwahi kuota kwamba atapata nafasi ya kuwasaidia watoto wa wanafunzi wale, na watu kama wao nchi nzima, lakini sasa nafasi anayo na atawaambia siri: anakusudia kuitumia. Agosti 6 mwaka uleule alisaini sheria ya haki ya kupiga kura, jambo ambalo Douglass aliliomba kwa Johnson wa kwanza karibu miaka mia moja nyuma.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyepeleka zaidi ya vijana laki tano vitani Vietnam. Hilo nalo ni lake. Alipokuwa anahesabu vijiji vya Vietnam hapakuwa na sura ya mtoto wa Vietnam aliyemfundisha. Huo ni mtazamo wangu, na mwanafunzi wangu yeyote ana ruhusa ya kunipinga.

Kwa hiyo binti yangu, jibu la swali lako ni kwamba hakuna anachosomea. Kuna aliyeshona, kuna aliyefundisha, kuna aliyechimba, kuna aliyefilisika. Na wewe siku moja utapiga kura yako, hapa kwetu, kwa diwani na kwa mwenyekiti wa mtaa. Usimwulize alifanya kazi gani. Muulize kule alikofanya kazi alimwona nani, na kama akipita leo watamfahamu.

Novemba 1966, akiwa rais, Lyndon Johnson alirudi Cotulla, kwenye shule ileile. Miaka 38 ilikuwa imepita. Akasimama mbele ya watoto waliokuwa wamekaa pale walipokaa wale wa kwanza, akawahutubia.

Mkuu wa chuo, nimemaliza. Naomba tubadili ratiba kidogo, mgeni rasmi akiridhia. Vyeti waanze kupewa wa ushonaji.